Fomu ya Dirisha la Tatu

Wametuletea fomu yenye safu mbili.
Kushoto, Nguvu. Kulia, Udhaifu.
Irudi Unguja kabla ya Ijumaa, isizidi ukurasa mmoja.
Nami nimekaa dirisha la tatu, ofisi ya Chake,
na kalamu ya kampuni ya zamani,
wino wa kijani, rangi tuliyokatazwa tangu Machi.

Kushoto nimeanza na minara.
Sisi tulikuwa na kumi na tisa, wenzetu ishirini na mitatu.
Kojani sasa mtandao unafika mpaka jikoni:
Bi Mtumwa amemwona mjukuu wake aliye Maskati
akikata kucha, mubashara, robo saa nzima,
na hakuna aliyesema neno.
Hiyo ni nguvu. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Lakini pale Wingwi, juu kilimani,
minara miwili inatazamana
kama wake wenza walioachiwa nyumba moja.
Mmoja utang'olewa.
Mcha analinda wa huku, Vuai analinda wa kule,
miaka saba wakipeana makaa na chumvi juu ya uzio,
wakitaniana nani simu yake inashika hata chooni.
Uzio umetolewa. Utani nao umekwisha.
Tumeambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja;
hatukuambiwa yule anayetolewa
hupelekwa wapi, wala na nani.
Hili sijui niliweke safu gani.

Kulia: mashine za hesabu bado hazijaamkiana.
Hii inasema salio elfu mbili, ile inasema sifuri,
na mteja yuko mbele yangu
anautazama mdomo wangu kama mizani.

Halafu Mize Faki wa Kengeja.
Alikuja Jumatatu, simu ameifunga kwenye leso,
akaifungua taratibu kama anayefungua kidonda.
Miaka minne, kila usiku wa kuamkia Ijumaa,
alikuwa akipiga namba ya sanduku la sauti
amsikie mumewe:
"Mize, n'nakuja. Niwekee uji.
Usifunge mlango."
Sekunde tisa, na kikohozi mwishoni.
Usiku ule wa kuungana, masanduku ya zamani
hayakuhamishwa. Hakuna aliyeyakataa.
Hayakuwamo tu kwenye orodha.

Nikamwambia tulichofundishwa kwenye semina:
Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.
"Usumbufu gani, mwanangu? Mie sijasumbuka.
N'nauliza tu mmemweka wapi."

Nikaandika Unguja. Unguja wakaandika Dar.
Jibu lilirudi baada ya siku mbili,
namba ndefu ya malalamiko, na chini yake neno moja:
Limefungwa.
Sikumsomea. Nilimwambia bado wanatafuta.
Huo nao ni udhaifu, lakini ni wangu,
na fomu inauliza ya kampuni tu.

Nguvu nyingine, nisije nikaonekana mchoyo:
vifurushi vimeshuka bei. Vijana wa Wete wanauza karafuu
kwa picha, mnunuzi hajavuka maji.
Na Ussi, aliyetoka kwa wenzetu, dirisha la nne,
ni mtu mwema; ananiachia feni
ikifika saa nane, na chai yake haina tangawizi ya kuchoma.
Mwaka jana tulikuwa hatusalimiani kwa amri.

Jana jioni, ofisi imekwisha kufungwa,
nilipiga mwenyewe ile namba ya zamani.
Ikaita mara mbili. Mara mbili kamili, naapa.
Kisha yule bibi wa mashine:
haipatikani kwa sasa.

Kwa sasa.
Nimeliandika kushoto, nikalikata.
Nimeliandika kulia, mkono ukasita.

Ussi ameinama begani kwangu, ananong'ona:
"Andika kwa buluu, dada. Kijani
hakisomeki kwenye mashine yao."

Naandika.